Gunia la Makaa la Burgao: Kumsoma Mwanahabari na Mwanazuoni Juu ya Utandawazi



Muhula huu wengi wetu tumepewa kazi ya kuandika juu ya utandawazi, na kila nikipita maktaba nasikia malalamiko ya aina mbili. Aliyetegemea magazeti amerudishiwa kazi yake ikiwa na maandishi mekundu pembeni kwamba hana ushahidi wa kitaaluma. Aliyetegemea majarida ya kitaaluma amejaza kurasa kumi na tano bila kumtaja mtu hata mmoja, na ukimuuliza utandawazi ni nini anakujibu kwa istilahi ngumu kuliko ile uliyomuuliza. Katika somo hili nataka tuziweke aina hizi mbili za maandishi juu ya jambo moja na mahali pamoja, tuone kila moja inatupa nini na inatunyima nini. Mizani nitakayotumia ni ile tunayosomeshwa katika Mustalah al-Hadith. Mnaosoma uhandisi na biashara msiogope. Maneno nitayaeleza njiani.

Mahali petu ni Burgao, bandari ndogo ya pwani ya kusini ya Somalia, kati ya Kismayo na Ras Kamboni, karibu na visiwa vya Wabajuni. Nimepachagua kwa sababu ni padogo. Mahali kama Dubai pana maandishi mengi mno, na humo mtu anaweza kuokota chochote anachotaka kuthibitisha. Burgao ina maandishi machache, na mtu anaweza kuyafuata moja moja mpaka kwenye chanzo.

Kabla ya yote, jina. Wabajuni wanapaita Birikau. Wasomali wanaandika Buur Gaabo, yaani kilima kifupi. Waingereza walipaita Port Durnford. Wanaakiolojia wamezoea kuandika Bur Gao. Jeshi la Kenya lilipovuka mpaka Oktoba 2011, magazeti yetu yakaandika Burgavo na Burgabo. Ukitafuta kwa jina la Kisomali utapata ripoti za Umoja wa Mataifa na habari za vita. Ukitafuta kwa jina la Kiingereza utapata ramani za kikoloni. Ukitafuta Birikau utapata mambo ya lugha na nasaba. Mwanafunzi aliyetafuta kwa jina moja akasema "hakuna kilichoandikwa" amesema kweli juu ya utafutaji wake tu.

Sasa tuje kwenye gunia la makaa. Migunga ya Jubba ya Chini ilikatwa na kuchomwa kuwa makaa, makaa yakatiwa kwenye magunia, malori yakapita vizuizi vya barabarani mpaka Kismayo au Burgao, na kutoka hapo majahazi yakayapeleka Ghuba. Huko makaa ya mgunga yanapendwa kwa sababu yanadumu na moto. Yanachomea nyama, na yanawekwa juu ya shisha. Biashara hii ilistawi baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakati kundi la al-Shabaab bado halijakuwapo. Mwezi Februari 2012 Baraza la Usalama, kwa Azimio namba 2036, lilipiga marufuku kuingiza makaa ya Somalia katika nchi yoyote, kwa sababu fedha zake zilikuwa zikiingia mifukoni mwa kundi hilo. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali waliingia Kismayo na kukuta mamilioni ya magunia yamerundikwa. Makaa yakaendelea kusafiri. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika juu ya hati za uongo zilizodai kwamba makaa yametoka Komoro, Ghana au Côte d'Ivoire, na katika ripoti ya mwaka 2018 wakaeleza jinsi yalivyopitishwa Iran, yakatiwa kwenye magunia mapya na kupewa uraia wa huko.

Kama huu si utandawazi, basi sijui utandawazi ni nini. Mti wa Jubba, azimio la New York, hati ya Komoro, gunia la Iran, na kijana wa Kiislamu kama mimi na wewe amekaa mkahawani Ghuba anavuta shisha.

Mwanahabari anaitazama habari hii vipi? Anaanza na kitu kinachoonekana: rundo la magunia bandarini, nahodha, mchoma makaa ambaye mikono yake imekuwa myeusi. Ana siku na saa. Anakwenda mahali ambapo mwalimu wa chuo hafiki, na wakati mwingine anauawa kwa hilo. Somalia imewazika waandishi wengi, na wengi wao ni Wasomali waliokuwa wakiandika juu ya miji yao wenyewe. Magunia ya Kismayo tuliyajua ndani ya wiki chache kwa sababu ya wanahabari. Tungewangoja wanazuoni, tungeyajua makaa yakiwa majivu zamani.

Lakini mwanahabari ana nafasi ndogo na mhariri mwenye haraka, kwa hiyo anaazima fremu. Katika habari za makaa fremu ni ugaidi. Kila kitu kinapita kwenye tundu hilo, na kinachokataa kupita kinaachwa nje. Mnunuzi wa Ghuba anatajwa kwa sentensi moja mwishoni, ikiwa anatajwa. Nani alichoma makaa mwaka 1995, kabla ya ugaidi kuwa habari, hilo halina nafasi. Na wanahabari wanapotaka kuandika juu ya utandawazi wenyewe, si juu ya tukio, kuna hatari ya kinyume: picha moja nzuri inabebeshwa dunia nzima. Thomas Friedman wa New York Times aliandika mwaka 2005 kitabu kilichosomwa sana akisema dunia imekuwa bapa, na alianzia Bangalore kwenye kampuni za kompyuta. Ni kitabu kinachosomeka kwa raha. Ila jaribu kukisoma ukiwa na Burgao akilini. Jahazi la makaa limeunganishwa na dunia kweli, lakini linahitaji hati ya uongo ili lipite. Dunia bapa haina haja ya hati za uongo.

Mwanazuoni anaanza upande wa pili. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyeandika juu ya utumwa wa mashambani Zanzibar na pwani ya Kenya kabla hajaingia kwenye mjadala huu, alichapisha mwaka 2001 katika jarida la African Affairs makala inayouliza dhana ya utandawazi inafaa kwa kazi gani. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba neno hilo lina makosa kichwani na mkiani. Kichwani linadai kwamba mfungamano mmoja umeienea dunia nzima, hali tunachokiona ni njia fulani zinazofika mahali fulani na kukoma. Mkiani linadai kwamba jambo linatokea sasa hivi, kana kwamba zamani watu walikaa kila mmoja kwenye kisiwa chake. Msomaji wa pwani anaelewa mara moja. Majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani hii kwenda Ghuba kwa pepo za kusi vizazi vingi kabla ya makaa. Gazeti linaona njia mpya ya magendo. Mwanahistoria anaona njia ya zamani iliyopata mzigo mwingine.

James Ferguson, mwanaanthropolojia, aliongeza jambo katika kitabu chake cha mwaka 2006: mtaji katika Afrika haumiminiki kama maji yanayolowesha kila mahali, unaruka kutoka kituo hadi kituo na kuacha katikati pakavu. Naye Peter Little, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika eneo la mpaka wa Somalia na Kenya, alionyesha mwaka 2003 kwamba biashara ya ng'ombe kutoka Jubba ya Chini kwenda Garissa ilikua baada ya serikali kuanguka. Hii ni habari ambayo mwanahabari angepata shida kumuuzia mhariri wake. "Biashara yaendelea" si kichwa cha habari.

Basi tuseme mwanazuoni ni bora? Subiri. Hapa ndipo Mustalah inatusaidia.

Katika elimu ya Hadithi, habari iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka, wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo, huitwa mutawatir. Isiyofikia hapo huitwa ahad. Wanazuoni wetu walikuwa makini juu ya jambo moja ambalo wasomaji wa leo wanalisahau: wingi unahesabiwa katika kila tabaka, si katika tabaka la mwisho tu. Habari ikisimuliwa na watu mia leo, wote wakiwa wameichukua kwa mtu mmoja, basi imebaki kuwa ya mtu mmoja.

Chukua mfano wa pembe za ndovu. Shirika moja la kutetea ndovu, Elephant Action League, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake likisema pembe zinazopitishwa Somalia huenda zinaipa al-Shabaab hadi asilimia 40 ya fedha inazohitaji. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, dai hilo lilienea kila mahali: magazeti, hotuba za wanasiasa, mabango ya kuchangisha fedha. Ukitazama tabaka la mwisho, ni mutawatir. Ukipanda juu, unamkuta mpokezi mmoja. Mwezi Septemba 2015 watafiti Tom Maguire na Cathy Haenlein wa taasisi ya RUSI ya London walifanya kazi ambayo mtu wa Hadithi angeitambua: walipanda na silsila mpaka mwanzo wake, wakakuta ushahidi hautoshi kubeba dai lile.

Makaa nayo yana hadithi hiyohiyo, ila ni ngumu zaidi. Mwaka 2014 ripoti ya pamoja ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa na INTERPOL ilikadiria kwamba makaa yanaiingizia al-Shabaab dola milioni 38 hadi 56 kwa mwaka, na ikasema kizuizi kimoja tu katika wilaya ya Badhadhe, ambayo ndiyo wilaya ya Burgao, kinaweza kuingiza milioni 8 hadi 18. Mwaka 2018 wachunguzi wa vikwazo wa Umoja wa Mataifa walikadiria mapato ya kundi hilo kutokana na makaa kuwa si chini ya milioni 7.5 kwa mwaka, katika biashara ambayo thamani yake sokoni Ghuba walisema inafikia milioni 150. Tazama vizuri: kizuizi kimoja cha 2014 kinaweza kuzidi kadirio la chini la 2018 la mapato yote ya kundi kutokana na makaa. Je, kuna aliyesema uongo? Si lazima. Miaka ni tofauti, njia za kukadiria ni tofauti. Lakini mwandishi anayenukuu 56 bila kutaja mwaka na chanzo, awe wa gazeti au wa jarida, ametupa matini bila sanad. Na nimeona tasnifu za wanafunzi zenye namba hiyo, tanbihi yake ikielekeza kwenye gazeti, na gazeti likisema tu "kwa mujibu wa wataalamu".

Hao wataalamu wasio na majina, sisi tunawaita mubham: mpokezi ambaye hakutajwa, na upokezi wake ni dhaifu mpaka ajulikane. Nakiri kulinganisha huku kuna mipaka. Mwanahabari wa Kismayo anaficha jina la aliyemhadithia kwa sababu akilitaja mtu atakufa. Hiyo ni udhuru, na inatosha kumwondolea lawama mwandishi. Haitoshi kuiondolea habari udhaifu wake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Wanazuoni wana dhambi yao, na ni ya hila zaidi kwa sababu imevaa kilemba. Inaitwa tadlis: mpokezi kuficha kwamba hakuisikia habari moja kwa moja. Ukimnukuu Cooper kwa kuchukua tanbihi ya mtu mwingine, hukumsoma Cooper, kisha ukaandika jina lake kama umemsoma, umefanya tadlis. Sote tumeifanya. Mimi nimeifanya mwaka wa kwanza.

Na usidhani jarida la kitaaluma haliwezi kubeba dai la mpokezi mmoja. Burgao yenyewe ni shahidi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alifika hapo na baadaye akatoa sarafu alizosema alizipata penye magofu. Zilichapishwa London mwaka 1932 na mtaalamu wa sarafu: za kina Ptolemaio wa Misri, za Warumi, na nyingine za Misri ya Kiislamu za karne nyingi baadaye. Kwa miaka mingi sarafu zile zilitajwa vitabuni kama dalili ya biashara ya kale kati ya Bahari ya Shamu na pwani yetu, utandawazi kabla ya utandawazi, kama mnavyopenda kuandika. Neville Chittick, aliyeipima pwani ile na kuchapisha matokeo mwaka 1969, alitilia shaka. Magofu aliyoyaona ni ya Waswahili Waislamu wa zama za baadaye, na sarafu zilizoachana kwa karne nyingi hivyo si rahisi kuwa akiba ya mtu mmoja. Mpokezi ni mmoja, amehadithia baada ya miaka mingi, na matini yenyewe ina kasoro. Napenda sana hadithi ile iwe kweli. Kupenda hakuiongezei nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi, kwa fani yetu, tunaweza kuliona na wengi wa waandishi hawa wakalipita. Maandishi juu ya al-Shabaab husema kundi linakusanya "zaka" na "kodi", mara kwa kubadilishana, kwa sababu kundi lenyewe linaita baadhi ya makusanyo yake zaka. Mwanahabari anaandika neno alilolisikia. Mwanazuoni wa uchumi anaandika "utozaji wa vizuizini" na kuendelea na jedwali lake. Fiqhi inauliza zaidi. Zaka ina nisabu, mali ya biashara inapitiwa na mwaka mzima, kiwango chake kinajulikana, na wanaostahiki wametajwa aina nane katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Malipo ya kila lori linalopita kizuizini, bila kuuliza mwaka wala nisabu, yana jina jingine katika vitabu vyetu: maks, ushuru wa dhuluma, na yaliyosemwa juu ya mwenye kuutoza ni mazito. Tukilikubali neno "zaka" katika insha zetu bila kulichunguza, tumelipa kundi lile kitu kikubwa kuliko gunia la makaa.

Na Wabajuni wako wapi katika haya yote? Hili ndilo lililonikera nilipokuwa nikisoma. Katika habari za magazeti juu ya Burgao kuna wanajeshi, wapiganaji, wafanyabiashara na mabalozi. Katika makala za utandawazi kuna mitandao, mtaji na mifumo. Wavuvi ambao jina la Birikau ni lao hawaonekani popote. Wengi wao walikimbia vita baada ya 1991 wakaishi kambini Mombasa, na kambi zile zilipofungwa wengine walirudi visiwani, wengine wakabaki, wengine wakafika Ulaya. Na huko Ulaya maandishi haya yakawakuta tena. Mtu akiomba hifadhi Uingereza akajitambulisha kuwa Mbajuni, huulizwa majina ya visiwa, samaki na visima, na lugha yake hupimwa kama ni ya huku au ya upande wa Kenya. Majibu yake hulinganishwa na mafaili ya nchi, na mafaili hayo yameshonwa kwa vipande vya ripoti, vya magazeti na vya utafiti, vyenye sanad na visivyo na sanad. Aliyeandika kwa haraka kwamba kisiwa fulani hakina watu hakujua kwamba kuna siku mtu atakaa mbele ya ofisa London akisema, mimi natoka hapo.

Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamuru tuzihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Mara nyingi tunaitumia kwa umbea wa mabweni, na ni sawa. Lakini watu wanaodhuriwa kwa tanbihi mbovu ni watu pia.

Kwa kikao chetu cha darsa kijacho naomba kila mmoja aje na vipande viwili juu ya jambo moja la pwani: bandari ya Lamu, uvuvi wa meli za kigeni, mwani wa Zanzibar, chochote. Kimoja kiwe cha gazeti, kimoja cha jarida. Pembeni mwa kila sentensi yenye namba andika nani kaipokea kwa nani, upande mpaka ukwame, na ulipokwama weka alama. Anayetaka kufanya Burgao atafute kwa majina yote sita. Na mwenye bibi au babu wa Kibajuni nyumbani amwulize jina la saba, kama lipo.

Wallahu a'lam.